Pazia la Ushirombo

Nianze na ujinga wangu, maana ubaya wa mwenyeji nitaufikia: nilikodi nyumba bila kuiona. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, panda lori uende Ushirombo ukaitazame kwanza. Mtu hanunui ng'ombe kwa kusikia mlio wake." Nikamjibu kwamba nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na kiti changu cha kamba, redio yenye betri mpya na Jumamosi nzima ya kukaa. Maishani nilikuwa nimesafiri safari moja tu ya maana, kwenda sekondari Tabora, na niliporudi na cheti changu nikaona dunia nimeshaiona, inatosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa karani wa stoo ya ushirika pale Kahama. Nyumba niliyoikodi haikuwa kwa ajili yangu. Ilikuwa kwa ajili ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu alibatizwa misheni ya Ushirombo akiwa msichana mdogo, kisha akaolewa huku kwetu na hakurudi tena. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alichokuwa anakitaka ni kimoja: alione tena kanisa alilobatiziwa, siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, kabla jicho lililobaki halijazimika. Hakuniambia mimi. Alimwambia binti yake, lakini kwa sauti ya kunitosha mimi niliye nyuma ya ukuta.

Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata walevi hawalitanii. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Naijua ngano ya Kanada inalimwa jimbo gani. Lakini mama mkwe akitokea kwenye kona, naruka uzio kama mbuzi aliyeiba mihogo.

Kwa hiyo safari yetu ilihitaji nyumba mbili ndani ya uwanja mmoja: moja ya mama mkwe na binti yake, nyingine yangu. Na palitokea bwana mmoja wa Ushirombo, mfanyabiashara wa mpunga, aliyekuwa akija stoo kwetu kutafuta magunia matupu. Alikuwa mcheshi sana. Alicheka kila nilichosema, hata vitu ambavyo mke wangu alikuwa ameacha kuvicheka tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Nina nyumba mbili uani," aliniambia. "Kubwa watalala kina mama. Ndogo utalala wewe, na mlango wake unafungukia nyuma. Hamtaonana mpaka kanisani. Na misheni ni pale pale, shemeji. Kengele ikilia, kikombe cha chai kinatikisika mkononi."

Aliniita shemeji. Hakuwa amemwona dada yangu wala ndugu yeyote wa mke wangu, lakini mimi nilifurahi.

Hakutaka fedha. Miaka ile fedha unaweza kuwa nayo na bado ukaoga bila sabuni. Alitaka tairi mbili mpya za baiskeli. Mimi nilikuwa nazo, zamu yangu katika duka la ushirika ilikuwa imefika baada ya kungoja mpaka baiskeli yangu ikawa pambo la ukutani. Nikampa. Tukashikana mikono. Akasema nyumba zitanisubiri, zitakuwa zimefagiwa, na maji ya kuoga yatakuwa kwenye pipa.

Kuamkia mkesha wa sikukuu tukapanda lori lililokuwa linakwenda Runzewe kupakia mahindi. Mama mkwe na mke wangu walikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, juu ya maturubai, nikitazama tulikotoka, maana hata kisogo cha mama mkwe si kitu cha kukitazama safari nzima. Vumbi lote la barabara ile nililipokea mimi. Tulipoteremka Ushirombo, mke wangu alinitazama akasema, "Mwenye nyumba akikuona atadhani nimemletea gunia la unga."

Dereva akatuambia atarudi alasiri akiwa amepakia, akaondoka.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu, na misheni haikuwepo. Nikamuuliza mpita njia. Akanyoosha mkono, kisha akaunyoosha zaidi, kama mtu anayeonyesha nchi nyingine. Ilikuwa mwendo mrefu kwa mtu mzima mwenye magoti mazuri, na mama mkwe magoti yake yalikuwa yamemtangulia uzeeni.

Kitu cha pili, barazani walikaa wanaume wanne wasioonekana kama wageni wa sikukuu. Mmoja alikuwa ananawa miguu kwenye beseni. Mwingine alikuwa anafuta kimizani kidogo kwa pindo la shati, kwa upole, kama anamfuta mtoto pua. Walikuwa wanunuzi wa dhahabu, wametoka machimboni upande wa Geita.

Mwenyeji wangu akatoka ndani.

"Shemeji!" akasema. "Kumbe umekuja kweli?"

Kisha akamwona mama mkwe amekaa juu ya mzigo wake chini ya upenu wa duka la jirani, akamwamkia kwa mbali, kwa heshima zote, "Mwadila, mayu!" Akaniongoza pembeni na kunishika bega.

"Nyumba zetu ni zipi?" nikamuuliza.

"Zipo. Nyumba hazijakimbia. Ila kidogo pametokea jambo."

"Jambo gani?"

"Hawa jamaa. Wamechukua kubwa mpaka sikukuu iishe. Na ndogo wameweka vyombo vyao, si unajua dhahabu haikai na watu. Sasa ningewafukuzaje, shemeji? Ni watu wa machimboni, wana hasira."

"Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana, na mimi sijakutupa. Kuna chumba kimoja humo ndani, kizuri, vitanda viwili. Tutaweka pazia katikati."

Nilidhani vumbi limeniingia masikioni.

"Pazia? Kati yangu na mama mkwe?"

"Pazia zito, bwana. La maua."

"Mama mkwe wangu huyu?"

"Kwani usiku atavuka pazia aje akufanye nini?"

Wale wanaume wanne wakaangua kicheko. Yule wa beseni alicheka mpaka akamwaga maji. Na mwenyeji naye akacheka, kicheko kile kile alichokuwa ananichekea stoo. Naye alikuwa ameoa. Alikuwa na mama mkwe wake mahali fulani, na nina hakika njiani alikuwa anamkwepa kama mimi ninavyomkwepa wangu. Alijua kabisa alichokuwa anakisema.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na Kiswahili cha sekondari, na hata Kiingereza kidogo cha kumwogopesha mtu. Nikasema, "Haya bwana. Asante."

Ndivyo nilivyosema. Nikageuka kwenda kumweleza mke wangu, na hapo mlangoni nikaipita baiskeli yake, imeegemezwa ukutani, tairi zangu mbili bado zina zile nywele ndogo ndogo za mpira mpya.

Mke wangu hakupoteza muda kunikasirikia. Alizunguka mwenyewe kuulizia vyumba kwa watu. Kote kumejaa: wageni wa sikukuu, na palipobaki, watu wa dhahabu. Aliporudi nikamwambia mimi nitalala nje, popote, hata chini ya upenu wa duka. Wao wachukue kile chumba, wafunge mlango, asubuhi tutafute mtu wa kumpeleka mama misheni.

Basi akapeleka ujumbe. Sisi wawili, mimi na mama mkwe, tulitenganishwa na ukuta wa duka, yeye mbele, mimi ubavuni, na mke wangu akizunguka kona kupeleka maneno ambayo wote tulikuwa tunayasikia vizuri sana.

"Mama, mwenzangu anasema atalala nje."

"Alale nje?" sauti ya mama mkwe ikasema. "Mkwe wangu alale nje kama mbwa, mimi nimelala kitandani? Nikirudi nyumbani nitawaambia nini watu? Nilikwenda kusali, nikamtupa mkwe barabarani?"

Mke wangu akaja kwangu. "Amekataa."

"Nimesikia. Mwambie mimi ndiye ninayetaka."

Akazunguka. "Anasema ni yeye mwenyewe anayetaka."

"Mwambie namshukuru. Na mwambie humo ndani siingii. Bafu ni moja, la nyasi, na wale wanaume wamekaa wanalitazama. Nitaogea wapi? Niende mbele ya altare na vumbi hili?"

Ningeweza kupita kona ile na kumwomba mwenyewe. Hatua chache tu. Nisingeweza. Mtu asiye wa kwetu atacheka, lakini kumwendea mama mkwe ana kwa ana na kubishana naye mbele ya duka, hilo lingekuwa tusi kubwa kuliko pazia. Kwa hiyo nilibaki pale ubavuni nikizungumza na ukuta.

Mke wangu akabuni jambo la mwisho. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyeji. Nilimsikia.

"Kaka, basi tuazime baiskeli. Nimkalishe mama nyuma nimsukume taratibu, akalione kanisa tu, tuirudishe."

"Baiskeli ina safari, dada."

"Safari ya wapi? Imesimama."

"Ina safari jioni. Na tairi ni mpya, si unaona. Barabara ya misheni ina miiba."

Mke wangu alirudi mikono mitupu. Aliketi karibu na mama yake, wakala viazi vilivyopoa tulivyotoka navyo nyumbani. Mimi vyangu nilivila upande wangu wa ukuta.

Lori liliporudi kutoka Runzewe, mama mkwe alikuwa wa kwanza kusimama. Mke wangu alimwambia wasubiri kidogo, huenda akatokea mtu wa kuwasaidia. Akajibu, "Nimesubiri tangu nilipoolewa, mwanangu. Nipandishe."

Wakapanda mbele. Mimi nikapanda juu ya magunia ya mahindi. Dirisha la nyuma la lori lilikuwa halina kioo, na tulipoanza kuondoka nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Ni lile?"

Palikuwa na ghala kando ya barabara, paa lake la bati linang'aa kwa jua la alasiri.

Mke wangu akajibu, "Ndilo, mama."

"Lile jeupe?"

"Ndilo. Wamelipaka upya."

"Wamelipaka vizuri," mama mkwe akasema, na akafanya ishara ya msalaba. Niliuona mkono wake ukipita dirishani.

Mimi nilikuwa juu, na kutoka juu ya magunia kanisa lilikuwa linaonekana. Lilikuwa upande mwingine kabisa, mbali, paa lake kubwa juu ya miti. Nililitazama mimi, mtu ambaye hata kanisa la Kahama siendi mpaka nisukumwe, mpaka barabara ilipopinda.

Kabla kiangazi kingine hakijafika, jicho la kushoto nalo lilifunga. Alikuwa anakaa kwa shemeji yangu, mwanawe mwingine, na wageni walipokuja kumjulia hali aliwasimulia jinsi alivyolikuta kanisa la Ushirombo limepakwa chokaa mpya, na lilivyong'aa. Mke wangu alikuwa akitoka nje simulizi hiyo inapoanza. Mimi tayari nilikuwa nje, kwa sababu zangu za heshima, kwa hiyo tulikutana hapo uani.

Yule bwana hakuja tena stoo kuomba magunia. Nilimtukana peke yangu kwa miezi. Nilimtukana nikinyoa ndevu, nikihesabu majembe, nikiwa kitandani mpaka mke wangu akahamisha mto wake upande wa miguuni. Nilipokosa msikilizaji nyumbani, nikahamia kwa jirani yetu, mama mmoja mpika vitumbua ambaye asubuhi hakuwa na pa kunikimbilia kwa sababu ya kikaango chake. Nilimweleza tena habari nzima: pazia, kicheko, baiskeli. Nilisimama, nikapandisha sauti, nikamwonyesha kwa mikono jinsi yule mtu alivyo mwizi, mshenzi, asiye na utu, na nini kingepaswa kumpata.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akageuza vitumbua vyake, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Wewe kule ulisema asante, halafu kelele umekuja kunipigia mimi. Ungempigia yeye siku ile, mama wa watu angeliona kanisa lake. Sogea, unanizibia wateja."