Siku Nyasi Yangu Ilipoliliwa

Heri mlisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa Papa Deo, ambaye huongeza chumvi: nimewahi kuliliwa msiba wa nyasi, uani kwangu hapa Gasenyi, na aliyewaita waombolezaji ni mimi mwenyewe, mzee wa kanisa niliyesoma chuo cha Biblia.

Kanisa lilitaka kupanda nyasi uwanjani. Papa Deo, mzee mwenzangu, alitaka paspalumu, ile nyasi ya matajiri inayokunywa maji kuliko ng'ombe. Mimi nilitaka urucaca, nyasi ya hapa hapa: unaimwagilia mpaka mizizi ishike, huikati fupi mno, basi, unamshukuru Mungu. Nyasi yake niliiita "Mgeni", yangu nikaiita "Mzaliwa" (ndiyo, niliipa jina, chekeni tu). Kamati ilipanga kuja Jumamosi kuiona yangu, niliyokwisha kuipanda uani, ndipo iamue.

Kiangazi kikakaza, nyasi ikageuka njano kama mkeka wa zamani. Haikufa, urucaca hujificha mizizini ikingoja mvua, lakini nani angeniamini? Nikaona waahirishe. Mtu mwenye akili angeandika, "Nyasi imekauka, njooni baada ya mvua." Mimi, kwa kupenda maneno ya mimbarini, nikaandika kwenye kundi la kanisa: "Mzaliwa wangu amelala. Ataamka kwa wakati wa Bwana. Msisumbuke kuja Jumamosi." Nikasahau kwamba jina hilo tulilijua mimi na mke wangu tu, naye alikuwa Uvira kwa Josué, mzaliwa wetu wa kwanza. Simu ikaisha chaji, umeme hakuna, nikajilaza zangu.

Hawakungoja Jumamosi. Nikaamshwa na vilio, nikatoka na fulana ya ndani, nikakuta turubai limefungwa, viti vimepangwa juu ya nyasi yangu, kina mama wamewasha moto katikati yake, na Papa Deo (Papa Deo!) ananikumbatia huku machozi yakimtoka.

"Pole, Papa. Tuko pamoja."

"Pamoja wapi?"

"Amechanganyikiwa," Mama Neema, mkubwa wa kamati, akawaambia wenzake. "Mumupe maji."

"Nani amekufa?"

"Si ni Josué, Papa! We mwenyewe umeandika!"

Hapo simu ya Mama Neema ikalia. Alikuwa Josué, akimtafuta baba yake, na sauti yake ikasikika uani kote.

"Papa, watu wananipigia, wanasema mi nimekufa. Ni kweli?"

Mama Neema akaniangalia. "Sasa huyo Mzaliwa ni nani?"

Nikaonyesha chini, chini ya viatu vyao. Papa Deo akainua mguu, akatazama, akaurudisha polepole.

"Nyasi? Mi nimelilia nyasi?" Akajifuta machozi. "Basi tuizike, ama tungoje siku ya tatu?"

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Na kwa kuwa kamati yote ilikuwa pale, ikaamua pale pale: paspalumu. "Nyasi ya kuliliwa hatutaki," alisema Mama Neema, kisha wakanichagua mimi niwe mmwagiliaji.

Mvua ziliporudi urucaca ikachipuka, hata pale palipoungua, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuiona. Namshukuru Mungu kwa yote. Lakini nimeweka nadhiri: kitu kikikauka nitasema kimekauka, kikifa nitasema kimekufa, na maneno matamu nitayaacha mimbarini, ambako angalau hakuna anayeyasikiliza.