Mapigo ya Shangazi

Shangazi yangu wa Katindiuka, mjane mwenye mdomo mkali, hakuamini kwamba simu inaweza kupima mapigo ya moyo. Nikamwambia afunike kamera kwa kidole. Taa ikawaka, kidole kikang'aa chekundu, na baada ya muda namba ikatulia kwenye sabini na mbili.

"Uongo huo," alisema, lakini kidole hakukitoa.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa jirani, mfugaji wa Kisukuma aliyefiwa na mkewe, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameingia tena kwenye mpunga wa shangazi. Namba ikaanza kupanda, ikavuka mia.

"Shangazi, moyo unakwenda mbio!"

"Ni hasira za mpunga wangu," alinijibu bila kuniangalia. "Hebu mpime na yeye, tuone kama ana aibu."

Yule bwana akavua kofia, akaweka kidole chake kinene. Nikasoma namba, nikarudia kuisoma. Yake ilikuwa juu kuliko ya shangazi.

"Labda ni kwa sababu nimetembea," alijitetea, na nyumba yake tulikuwa tunaiona kutoka pale uani.

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka. Shangazi akanituma kisimani, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa. Niliporudi, nilimkuta mgeni amekaa kwenye kiti, anakula wali kwa perege, na habari za ng'ombe hakuna aliyezitaja.