Stata ya Celica ya Nurudini

Venanti Ndayikeza ni fundi rewaya, yaani wa umeme wa magari. Gereji yake iko Kasulu, ukishika barabara ya kwenda Kibondo, na watu humpelekea magari yanayogoma kuwaka, taa zilizokufa na honi zinazolia zenyewe. Alizaliwa Busunzu kwa wakulima wa mihogo na maharage, akajifunza kazi Kigoma mjini akiwa kijana, kwa kufungua majenereta mabovu. Sasa ana miaka hamsini na sita. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo akitaka kuisikiliza injini hugeuza kichwa chote upande mmoja kama kuku. Wateja hucheka. Zamani naye alicheka pamoja nao.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nurudini, muuza vitenge pale sokoni, ambaye wazee wake walitokea Ujiji. Mwaka 2007 Nurudini alikwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo wa duka, akarudi na Celica nyekundu ya milango miwili, fupi, iliyoinamia chini kama inataka kuruka. Mkewe, Adija, alilizunguka lile gari mara mbili akiwa ameshika kiuno.

"Mzigo utakaa wapi, baba Yasmini? Na watoto je?"

"Watajibana," alisema Nurudini.

Watoto walijibana kwa miaka mingi, magoti yakigusa videvu. Barabara za huku wakati ule zilikuwa mawe na vumbi, na tumbo la gari lilikwaruza kila mahali, kwa hiyo Venanti ndiye aliyelifufua mara kwa mara. Panya walipotafuna nyaya alizifunga upya kwa siku tatu. Lami ilipofika, Nurudini alifurahi kama amelinunua jana. Yasmini, binti yake mkubwa, alikuwa ameolewa Kibondo, na kila Jumapili baba mtu alikwenda kumwona. Venanti alipanda naye baada ya misa ya kwanza, akashuka njia ya Busunzu kumjulia hali mama yake, na jioni akachukuliwa wakati wa kurudi. Njia nzima walibishana juu ya mpira.

Mwaka juzi stata, ile mota ya kuwashia injini, ilianza kuchoka. Ukizungusha ufunguo unasikia "ta!" moja, basi, kimya. Venanti aliifungua, akakuta kaboni zimeisha na shaba ya ndani imelika. Akabadilisha kaboni, akasugua shaba, ikawaka miezi miwili. Akarudia tena. Safari ya tatu alimwambia rafiki yake ukweli.

"Hii imekufa, swahiba. Ninachofanya ni kuinyunyizia maji usoni. Tutafute nyingine."

"Tafuta. Nitalisukuma mpaka uipate."

Celica ile ni ya gia za mkono, na nyumba ya Nurudini iko mlimani. Basi kila jioni aliegesha gari mbele ya uzio, pua ikitazama bondeni. Asubuhi aliachia breki, gari likashuka lenyewe, akatia gia ya pili, likawaka. Majirani walizoea. Yeye mwenyewe alisema ni mazoezi kwa gari na kwa mwenye gari.

Mwezi wa pili mwaka jana stata ikapatikana. Fundi mmoja wa Kigoma aliivua kwenye RAV4 iliyopinduka, nzima kabisa, akaituma kwa basi. Venanti aliijaribu kwa betri hapo chini, ikaruka kwa nguvu. Akaifunga kwenye gunia na kuiweka rafu ya juu, akipanga kuifunga kwenye Celica Alhamisi.

Jumatano ikaja Noah ya abiria kutoka Buhigwe, imevutwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na akina mama sita na mizigo yao ya sokoni, na mtoto mchanga analia. Stata yake ilikuwa imeungua. Noah ile ni ya otomatiki, hata uisukume mpaka Kibondo haiwaki. Injini ni ya ukoo uleule wa Celica. Dereva alisimama mbele ya Venanti na kofia mkononi.

"Mzee wangu, nisaidie. Abiria hawa nitawaacha wapi?"

Venanti aliitazama rafu. Kisha akampigia simu Nurudini, simu ikaita bila kupokelewa. Hakupiga tena. Alijisemea kwamba Nurudini anao mlima, Nurudini atasubiri, mafundi wa Kigoma watapata nyingine. Akaishusha stata na kuifunga kwenye Noah. Ikawaka, akina mama wakapiga vigelegele.

Jioni Nurudini alipopiga kuuliza kulikoni, Venanti alisema, "Nilikuwa nakusalimu tu." Na Alhamisi ilipofika akamwambia stata haijatoka Kigoma.

Wiki tatu zikapita. Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Jirani wa Nurudini alikuwa anajenga, lori likamwaga mchanga mbele ya uzio, pale pale Celica inapolala. Nurudini akaliteremsha gari hadi uani, kwenye tambarare nyuma ya nyumba, akisema kesho vijana watalisukuma mpaka juu.

Mchana wa siku ile, akitoka kutawadha, kifua kilimbana. Alikaa kwenye kizingiti, jasho likimtoka huku mvua inanyesha. Adija alimburuta mpaka ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Ta. Akazungusha tena. Ta. Akapiga simu kwa dereva wa bajaji, akaambiwa njia imejaa maji, asubiri. Akampigia Venanti.

"Shemeji, njoo! Nurudini ananifia mikononi!"

Venanti alifika kwa pikipiki ya kukodi, akiwa amelowa chapachapa. Alimkuta Adija na majirani wawili wanalisukuma gari kwenye tope, magurudumu yakiteleza bila kupanda. Venanti alifungua boneti, akachukua spana kubwa, akaigonga ile stata iliyochoka, maana kuna wakati ukiigonga huamka. "Zungusha!" alipiga kelele. Ta. Akagonga tena na tena. Nurudini alikuwa kwenye kiti cha mbele, kichwa kimeegemea kioo. Aligeuka akamtazama rafiki yake.

"Acha, Venanti," alisema kwa shida. "Acha gari."

Wakampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Nurudini katikati, Venanti nyuma amemkumbatia asianguke. Walifika hospitali akiwa bado anapumua. Wauguzi walimpokea mbio. Hakumaliza saa moja. Daktari alimwambia Adija kwamba ulikuwa ni moyo, na kwamba kwa ugonjwa ule hakuna anayeweza kusema kama kuwahi kungesaidia.

Alizikwa kesho yake. Venanti alichimba kaburi na wenzake, akala chakula cha msiba, hakumwambia mtu neno. Nyumbani mkewe, Theodosia, aliona kwamba halali usiku. Alipombana sana, akamweleza yote. Theodosia akasema, "Utamwambia Adija. Usipomwambia, mimi nitamwambia."

Alipomaliza eda Adija aliamua kuhamia Kibondo kwa Yasmini. Akamwita Venanti. "Nataka niende na gari lake. Lipone, liondoke hapa kwa ufunguo. Sitaki tena kuona watu wanalisukuma."

Venanti alikwenda mwenyewe Kigoma. Alizunguka siku mbili kwenye mabaki ya magari, akarudi na stata ameipakata kwenye basi. Aliingia uani kwa Nurudini asubuhi, akatandika gunia chini. Alifungua waya wa hasi wa betri, akatoa betri, akatoa boksi la chujio la hewa apate nafasi. Akaingiza mkono kule chini kwa kupapasa, akafungua nati ya waya mkubwa, akachomoa ule mdogo, kisha bolti mbili za namba kumi na nne. Ya chini ilikuwa imeshika kutu, ikamchukua saa nzima na kumchuna vidole. Stata ya zamani ilipotoka alitaka kuitupa, akashindwa, akaiweka kando. Ile nyingine iliingia bila kusumbua. Alikaza, akarudisha betri, akamwita Adija.

Adija aliketi kwenye kiti cha dereva, kanga nyeusi begani. Akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, kabla hajauachia. Hakulia. Aliuweka mkono kwenye usukani, akakaa.

"Ni hivi tu?" aliuliza. "Kitu chenyewe ni hiki tu?"

Venanti akapiga magoti kando ya mlango. "Shemeji, kuna jambo. Stata yake ilikuwepo. Ilikuwa kwenye rafu yangu wiki tatu kabla. Niliifunga kwenye Noah ya watu wa Buhigwe, na Nurudini nikamwambia haijaja."

Adija alizima gari. Mvua ilikuwa imekatika, kuku walikuwa wanachakura uani.

"Alikuwa akiniambia, Venanti ananihangaikia," alisema taratibu. "Kila siku. Venanti ananihangaikia."

"Nisamehe, shemeji."

"Ungeniambia siku ya mazishi, ningekufukuza mbele za watu. Leo hata nguvu ya kukufukuza sina. Nyanyuka. Chukua spana zako, uende. Na Kibondo usije."

Akazikusanya spana zake, akaondoka.

Kesho yake mume wa Yasmini alikuja kuliendesha gari. Lilipita mbele ya gereji, Adija akiwa kiti cha mbele, anatazama barabara. Venanti alisimama mpaka likapotea.

Jumapili siku hizi huenda Busunzu kwa basi. Mama yake humuuliza rafiki yake yuko wapi, kwa sababu uzee umemsahaulisha, naye hulazimika kumwambia upya kila mara.

Mwezi uliopita simu yake iliita. Alikuwa Yasmini. Taa moja ya mbele ya Celica, zile zinazojificha ndani ya boneti, haikuwa ikichomoza, alitaka kujua fundi wa Kibondo aangalie wapi. Venanti alimweleza kwa utulivu, waya gani na fyuzi ipi. Walipomaliza, alisitasita.

"Mama yupo?"

"Yupo hapa, ba'mdogo. Amekaa nami."

"Nisalimie."

Akasikia Yasmini akigeuka, akisema kwa sauti ya chini kwamba ba'mdogo Venanti anamsalimu. Alibandika simu kwenye sikio lake zima na kungoja.

"Amesikia," alisema Yasmini.