Afisa Akiridhika

Mwezi uliopita, kwenye kaunta ya vibali, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa Mji wa Kale. Alikuwa akiomba, kwa mara ya nne, ruhusa ya kukarabati paa lake kabla ya masika.

"Sheria yasema nitoe kibali nikiridhika," afisa alimwambia, akilipapasa faili kama apapasaye paka. "Bado sijaridhika."

"Waridhishwa na nini, mwanangu?"

Afisa akatabasamu. "Mama, wewe mtu mzima. Wajua."

"Nijualo ni kwamba navujiwa."

Akaondoka bila kibali. Masika yakaja, paa likaporomokea kitanda chake.

Jana niliona ilani mlangoni pake: nyumba ni ya hatari, ahame kwa siku saba. Sahihi ni ya afisa yule yule. Safari hii aliridhika upesi, tena bila kuombwa.