Kaburi la Bwana Madini

Baba yangu alilipwa mshahara ili ajue kilichomo chini ya ardhi, na hakuna ndugu hata mmoja aliyemwamini. Alikuwa mtaalamu wa miamba wa serikali pale Shinyanga mjini. Watu walimwita bwana madini, kama vile kulivyo na bwana shamba na bwana afya. Kila jioni kulikuwa na mtu mlangoni petu, jiwe mkononi.

"Shikamoo bwana madini. Hebu nitazamie hili."

Baba alililamba, akaligeuza juani, akasema, "Hamna kitu humu, ndugu yangu." Mgeni aliondoka akiwa na hakika kwamba kitu kimo, na kwamba baba anangoja tu apewe kisogo aende kukichukua mwenyewe.

Laiti angekuwa nacho! Mama aliuza maandazi ili sisi tupate sare za shule. Shangazi alipotutembelea akakuta uji hauna sukari, alicheka, akasema kaka yake anajua kujificha. Umaskini wetu nao ukawa ushahidi. Ukiwa na watu wa namna hiyo utajitetea vipi?

Baba alipostaafu alirudi kwao, karibu na Segese, akafuga ng'ombe wake wachache. Ugonjwa ulipomzidi alimwambia mama azikwe kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba, kwa sababu pana upepo mzuri. Sababu ilikuwa hiyo tu, nilimsikia kwa masikio yangu. Baba mdogo naye alisikia, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo jingine kabisa.

Siku ya mazishi, vijana walichimba kaburi hadi usawa wa kiuno, sururu ikagonga mawe meupe, yale ambayo kwetu kila mtu huyaita dalili ya dhahabu. Kelele zote zikakatika. Mmoja akainama kama anayefunga kamba za viatu, naye alikuwa peku. Mwingine akajaza mifuko ya koti. Nilipofika na maji ya kunywa nilimkuta baba mdogo amechukua karai la msibani, lile la kupakulia wali, anapepeta humo udongo wa kaburi la kaka yake. Ndani wanawake walikuwa wakiimba, jeneza liko sebuleni. Niliyatua maji pale pale.

Nikamwita mama. Alitoka, akatazama shimo, akatazama karai.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "marehemu hakuchagua hapa bure. Tuahirishe hadi kesho. Tuchimbe kidogo tu."

"Mwahirishe nini? Maiti?"

"Kidogo tu, shemeji."

"Maisha yake yote aliwaambia hamna kitu."

"Ndiyo maana," alisema baba mdogo.

Mama aliona nilichokiona mimi: tukimzika pale, wangemfukua kabla hatujaanua matanga. Akawaamuru vijana wakachimbe zizini, kama walivyozikwa wazee wa Kisukuma zamani, ng'ombe wapite juu yao hadi alama isionekane. Katekista akaja mbio.

"Mama, huyu alikuwa Mkristo!"

"Na Yesu alizaliwa wapi? Wangu ndiye ashindwe kulala zizini?"

Katekista alifungua kitabu chake, akaanza sala. Jioni ng'ombe walirudi kutoka malishoni wakalala pale pale, juu ya kaburi. Mama alilia sana, si kwa kifo peke yake, bali kwa kuwa jambo la mwisho aliloombwa na mumewe lilimshinda. Mimi nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hadi leo sijajua kuzitenganisha.

Kile kilima walikichimba. Lile kaburi tupu likawa shimo la kuingilia kwa ngazi, wakalichimba hadi mvua zilipolijaza maji. Hawakupata hata punje. Nilifurahi, nakiri. Nilijua sasa, baada ya jasho lote lile, watakubali kwamba baba alisema kweli.

Baba mdogo alikuja asubuhi moja, tope hadi magotini. Mama akampa uji. Aliunywa wote, akafuta midomo, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Kaka alikuwa mjanja, shemeji. Kile kilima kilikuwa cha kutuzubaisha."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, zizi tutalihamisha lini.