Glasi Safi za Pudentienne

Pudentienne ni mtu wa usafi, tena usafi wa kuudhi. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa mama ambaye glasi ikiwa na doa aliirudisha jikoni mbele ya mgeni, bila haya. Yuko Kigali miaka mingi sasa, anakaa Kimisagara, na hajapunguza hata kidogo. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba riziki yake itatoka kwa konokono wa matopeni! Ndivyo Mungu alivyopanga, na kila asubuhi anamshukuru kabla hajavaa mabuti.

Kazi hiyo alipewa na Ihirwe, binti aliyesomea magonjwa ya samaki Uganda. Bondeni chini ya kilima cha Rebero kuna mabwawa ya samaki ya ushirika, yanayojazwa maji ya mto. Samaki wake walianza kukutwa na minyoo ya njano chini ya mashavu, wateja wakakimbia. Minyoo ile huanza maisha yake ndani ya konokono. Jua likipanda, vinatoka humo vijidudu vyenye mkia, vidogo kuliko chembe ya unga, vinaogelea kutafuta samaki wa kuingia. Kwa hiyo Pudentienne aliingia mtoni alfajiri, akaokota konokono, akawapanga kwenye dirisha la maabara, kila mmoja na glasi yake ya maji. Saa nne Ihirwe alichungulia maji yale kwa hadubini.

Siku kumi na mbili, konokono zaidi ya mia tatu. Hakuna kijidudu hata kimoja!

"Basi mto hauna kosa," Ihirwe akasema siku ya Alhamisi. "Ugonjwa ulikuja na vifaranga vya samaki."

Na vifaranga wote ushirika uliwanunua kwa mtu mmoja, Nkusi, ambaye aliapa mbele ya watu kwamba samaki wake walitoka wazima. Ripoti ingepelekwa Jumatatu, na baada ya hapo Nkusi angefungiwa kazi. Ana watoto watano, na hajui kazi nyingine.

Mchana huohuo Ihirwe alikinga ndoo ya maji bombani kwa ajili ya samaki anaowafuga maabarani, akaiacha karibu na dirisha.

"Mbona huwapi samaki wako maji hayo?" Pudentienne akauliza.

"Aa, Mama Régis, maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Acha yakae siku mbili, dawa itoke."

Pudentienne aligeuka akazitazama glasi zake dirishani. Aliagizwa kujaza glasi kwa maji ya mto, na siku ya kwanza, kwa konokono watano wa mwanzo, alifanya hivyo. Lakini tope lilituama chini ya glasi, aibu ikamshika. Glasi chafu mbele ya dokta? Kuanzia siku ya pili aliwasuuza konokono bombani mara tatu, akawajazia maji ya bomba, meupe, ya kupendeza. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameosha vyombo?

Akachukua mkoba, akatoka kama anaenda nyumbani. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, kazi imekwenda, na mwanawe Régis bado anasoma. Alifika getini, akasimama, akajitukana kwa Kirundi, akarudi.

"Binti yangu, niliwaosha," akasema. "Wote. Nimeosha mpaka kazi yako."

Alipokwisha kueleza, Ihirwe alishika kichwa, akaapa kwa Kinyarwanda. "Yampayinka! Konokono mia tatu, mama!" Akatoka nje, akazunguka uani akiongea peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Kesho saa kumi na moja alfajiri, mtoni. Na ukigusa lile bomba, tutakosana."

Ijumaa glasi arobaini zilikaa dirishani na maji ya rangi ya chai. Pudentienne aliona kinyaa kuzitazama. Saa nne Ihirwe aliinama kwenye hadubini, kisha akamvuta mkono aone mwenyewe. Vijidudu vilikuwa vinacheza mle, vimekunja mikia. Glasi tatu kati ya arobaini. Ni mto, si Nkusi.

"Mungu wangu, asante," Pudentienne akasema, akamkumbatia Ihirwe na matope yake yote.

Jumapili baada ya misa Nkusi alibisha hodi Kimisagara, ameshika beseni lenye samaki watatu wanene. Pudentienne hakungoja aketi.

"Kabla hujanishukuru, jua kwamba ni mimi niliyekaribia kukufanya ufungiwe kazi."

"Najua. Ihirwe ameniambia yote."

"Na bado umeniletea samaki?"

Nkusi aliweka beseni chini. "Mama, nimejiuliza siku mbili hizi. Ningekuwa mimi, na kazi yangu iko hatarini hivyo, ningenyamaza. Ningekuacha ufungiwe."

Pudentienne alijaribu kumjibu, machozi yakamtangulia. "Nilishatoka, Nkusi," akasema. "Nilishachukua mkoba."