Sauti ya Baba Ndani ya Kibanda Umiza

Nikisikia harufu ya waya unaoungua, hata kama ni wa pasi tu hapa kwangu Area D, moyo unanirudisha Kondoa, kwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, alichofanyia kazi baba yangu. Filamu za Kihindi zilikuja na lugha yao. Baba alikaa kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, akazisimulia kwa Kiswahili. Akicheka na jambazi, akilia na bibi harusi.

Alasiri ile ya Idi kibanda kilifurika watoto wenye nguo mpya. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili giza likolee. Mlango ulikuwa mmoja, nyuma kabisa. Mimi nilikaa mbele, miguuni pa baba.

Shujaa alikuwa amefungwa kamba ghalani nilipoisikia harufu. Nikatazama juu. Waya uliopita darini ulitoa cheche, na gunia moja kati ya yaliyoshonwa kuwa dari lilishaanza kufuka moshi. Nikaivuta kanzu ya baba.

"Baba, mo..."

Kiganja chake kikaniziba mdomo. Sauti haikutetereka.

"Sasa shujaa ananong'ona," alisimulia. "'Siri ya ghala hili iko nje! Mliokaa benchi la mlangoni, tokeni mkaitazame. Taratibu, adui asiwasikie.'"

Wakacheka, wakanyanyuka.

"Benchi linalofuata! Nyinyi ni askari, na askari hakimbii."

Wakatoka wakinyata, wamebana vicheko. Moshi uliniwasha macho. Majivu ya moto yakaanza kutudondokea. Baba aliendelea kuita, benchi baada ya benchi, na mimi hakunitaja.

Tulitoka wa mwisho, amenibeba, dari likiwaka nyuma yetu. Hakuna aliyeumia.

Kwa miaka mingi jambo hilo liliniuma: aliwatanguliza watoto wa watu, mimi akanibakiza motoni. Siku moja nilimuuliza. Akasema tu, "Mwanangu, wewe ulikuwa karibu nami."

Nimelielewa baada ya kuwa mama. Angenibeba akakimbia, wote wangekimbia, na mlango ule mmoja usingempitisha mtu, hata sisi. Halafu nakumbuka kiganja kile mdomoni mwangu. Kilikuwa kimelowa jasho, kikitetemeka. Watoto wote walisikia sauti ya shujaa. Hofu ya baba niliijua mimi peke yangu.